Mbolea ya ruzuku niliipata kwa ubao wa madrasa

Msimu mzima nilipewa ushauri mmoja tu: "Mtilie kitu mkononi, jina lako litaonekana." Sikumtilia mtu kitu, na mbolea nimeipata. Najisifu, ndiyo, na nna haki.

Miye nalima mpunga wa mvua hapa Pemba, eka moja na ushei. Nilijiandikisha kwa sheha, kiongozi wa serikali hapa kwetu, kama wenzangu. Orodha ya ruzuku ilipotoka, jina langu halimo. Nauliza wamo nani, naambiwa ni siri. Siri gani, na mifuko inapita njiani kwa gari la ng'ombe mchana kweupe?

Mpwa wangu anayesoma Dar es Salaam akanipigia simu: "Mjomba, Ulaya majina ya wakulima wanaolipwa ruzuku hutangazwa kila mwaka. Na sisi tuna Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016." Akanitumia, nikaiprinti yote, zikanitoka shilingi kama elfu nane. Nikavaa kanzu ya Ijumaa na koti, nikaingia afisini, nikaisoma kwa sauti kama naswalisha tarawehe. Karani alinisikiliza kwa adabu mpaka nikamaliza. Kisha akarudi kurasa za mwanzo, akaweka kidole: inatumika Tanzania Bara. "Mzee wangu," akasema, "hii sheria haijapanda boti."

Na huyo mpwa wangu anasomea sheria hasa!

Nikarudi nyumbani nimenywea. Usiku nikakumbuka vijana walioshusha lori. Kuli analipwa kwa mfuko, hakosei hesabu hata mmoja. Nikawauliza: mifuko 120. Sasa imekwenda wapi? Ukimuuliza mtu wa kijiji chetu kapata mingapi, anaanza kukusimulia habari za mvua. Lakini mkosee hesabu uone! Nikaazima ubao wa madrasa, nikausimamisha barzani wanapocheza dhumna, nikaandika: miye, sufuri. Chini yake rafiki yangu mmoja, mitano. Naye alipata miwili.

Hata adhana ya alasiri haijalia, kafika anahema. "Mitano nimeila wapi? Futa!" Nikampa chaki afute mwenyewe. Jirani yake naye nikamtilia minne, akaja mbio vilevile, na safari hii na mkewe. Siku ya pili sikuwa na haja ya kumkosea mtu, walikuja wenyewe wasije wakaandikiwa. Ijumaa tukajumlisha: mifuko 85. Na wanaolima bondeni wote wanajuana, hakuna aliyebaki nje ya ubao.

Chaki msisahau kununua ya ziada, watoto wanaiba.

Jumatatu tukaenda watu kumi na mmoja, ubao tumeubeba. Safari hii nilishika Katiba ya Zanzibar ya 1984, kifungu cha 18, kinachompa raia haki ya kupewa taarifa. Karatasi moja tu, imetosha. Sikumtuhumu mtu, niliuliza tu 35 iko wapi. Karani akautazama ubao, akanitazama miye, akaingia ndani kwa mkubwa wake. Siku chache baadaye orodha ilibandikwa nje ukutani kwa sheha, majina na idadi ya mifuko, na langu limeongezwa chini kwa kalamu.

Urea yangu lakini ilifika mpunga ushachanua. Mifuko miwili imo uvunguni, nimeiinua kwa vibao isipate unyevu, na mke wangu kila usiku ananilalamikia harufu.