Jina Lisiloitwa

Kijiji kile cha Wawarlpiri, wenyeji wa asili wa Australia, kiko jangwani, kaskazini-magharibi ya mji wa Alice Springs. Kina zahanati moja, nami nilikuwa muuguzi wa zamu. Kwenye orodha ya sindano alikuwepo mvulana wa miaka 11, na siku yake ya 28 ilikuwa imefika. Bakteria wa koo na wa vidonda vya ngozi walikuwa wamemletea homa iliyogusa valvu ya moyo. Ili isirudi, watoto kama yeye huchomwa penisilini ya benzathini kila baada ya siku 28, wengi wao hadi wavuke miaka 21. Ukichelewesha, dawa hushuka kwenye damu, na maambukizi mapya yanaweza kuijeruhi tena valvu ileile.

Nilisimama mlangoni nikaliita jina lake lote, kama tunavyoita nyumbani kwenye benchi la wagonjwa wa nje. Kimya. Nikaita mara ya pili, mara ya tatu. Bibi mmoja akainuka, akamshika mjukuu wake mkono, wakatoka. Nikaandika: hakuja.

Siku tano baadaye mama mhudumu wa afya, mwenyeji wa pale, aliifunika ile orodha kwa kidole gumba. "Hilo usilitamke, mwanangu." Mtu mwenye jina hilo alikuwa amefariki kijiji cha jirani. Kwao jina la marehemu halitajwi, na walio hai wanaolishiriki huitwa Kumanjayi mpaka wazee walifungue. Mvulana alikuwa mbele yangu muda wote ule. Ndiye aliyetolewa na bibi yake.

Tulimfuata kwa gari. Mama alimwita kwa kundi lake la ukoo, Jangala. Makundi ni manane. Kila moja lina jina la wanaume, linaloanza na J, na la wanawake, linaloanza na N.

Dawa yenyewe kule haichanganywi na maji kama Penadur ya kwetu. Huja tayari ndani ya bomba, uniti milioni 1.2 katika mililita 2.3, na hukaa kwenye friji nyuzi 2 hadi 8. Niliitoa mapema nikaishika kiganjani, maana ikiwa baridi huuma zaidi. Ni nzito kama maziwa ya mgando. Ukisitasita katikati sindano huziba, na itabidi umchome mtoto upya. Nilibonyeza pembeni ya nyonga kwa gumba, nikahesabu hadi kumi, nikachoma, nikasukuma polepole bila kusimama kwa dakika mbili na ushei. Alikunja uso tu. Bibi alikuwa amemshika vidole vya miguu.

Sindano iliyofuata tuliihesabu upya kuanzia siku hiyo, ile ya 33. Orodha nayo tuliichapa upya: tarehe ya kuzaliwa, namba ya nyumba, kundi, na bibi yake ni nani. Safu ya jina mama aliijaza mwenyewe kwa kalamu.