Nendeni Amu kusi likivuma

Nilipomwambia shangazi hapa Malindi kuwa naenda Lamu, yaani Amu, mwezi wa sita, upepo wa kusini unavuma, akaniangalia kama nimerukwa na akili, eti "kusi hili mwanangu, unakwenda kufanya nini huko, kulala?" Na hakukosea sana, nimelala kweli. Mwezi wa pili Amu ukilala bila feni unaamka umelowa jasho kama umetoka kuoga, safari hii feni sikuiwasha hata siku moja, dirisha wazi, upepo unaingia, na usiku wa manane najivuta leso. Halafu gesti ile ile niliyoambiwa elfu tano mwezi wa kumi na mbili sasa nimelipa elfu mbili na mia tano, wala sikubishana sana, mwenyewe alikuwa amekaa tu barazani hana mgeni.

Mji uko kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 2001 kwa hivyo msimu wa wageni kila mlango wa nakshi una mtu anajipiga selfi, na wewe na mzigo wako unangoja amalize ndio upite. Sasa hivi unayepishana naye kichochoroni ni punda. Kijiji cha Shela hoteli kadhaa zimefungwa, wanapaka chokaa, ufuo wote ule nimetembea asubuhi nikakutana na watu watatu, ingawa mchanga unakupiga miguuni kama sindano, hilo siwafichi.

Lakini kilichonipeleka ni kijiji cha Matondoni. Kule ndiko wanakounda majahazi, na ukienda msimu wa kaskazi, upepo wa kaskazini, mafundi unawakuta wachache, vyombo viko baharini vinatafuta riziki. Kusi bahari ya nje imechafuka, vyombo vinapandishwa pwani na ndipo vinapoangaliwa. Nikamkuta babu mmoja amechuchumaa chini ya mashua anapiga kalafati, yaani anaziba nyufa, anachukua pamba aliyoisokota ikawa kama kamba, ameichovya mafuta, anaisukumiza kati ya ubao na ubao kwa patasi na nyundo, ko ko ko, anasogea kidole kimoja, ko ko ko tena. Nikamsalimia shikamoo akaniambia "ndoo keti", yaani njoo ukae. Nikakaa kama saa mbili hivi, hana haraka, hakuna mtalii anayemngoja, akanionyesha ubao ulioliwa na funza wa baharini ukiwa na matundu kama mkate wa kumimina, akanipa na nyundo nijaribu, pigo la pili nikajipiga dole gumba. Kacheka mpaka akakohoa! Akasema pamba ukiipiga kwa hasira inakatika, ukiipiga kivivu maji yanaingia. Dole bado jeusi ninapoandika hapa.

Sasa ubaya wake. Mwezi wa tano msiende, mvua ya masika yenyewe iko hapo, na Tana ikifura barabara ya Garsen inaweza kukatika mkabaki njiani. Mwezi wa sita bado kuna manyunyu, yanapita. Kisiwa cha Kiwayu nilitaka sana kwenda, nahodha akatazama mawimbi akakataa kata kata, na nahodha akikataa usimbembeleze na pesa. Samaki wabichi nao ni haba na bei iko juu, watu wanavua humo humo mikokoni, kwa hivyo mama wa gesti akawa anatupikia ng'onda, samaki waliokaushwa, wa nazi na ndimu na pilipili, wallahi sijaula mlo kama ule msimu wa kamba na ngisi.

Nikanunua ng'onda fungu zima nimletee shangazi, nikafunga na magazeti na mifuko miwili. Tulipofika Witu basi lote limeshajua nimebeba nini, na kondakta akaniuliza kwa adabu kabisa kama nitapenda kukaa karibu na dirisha.