"Shusha! Shusha!"

Mwaka 2013, siku mbili kabla ya Idi, nilimpeleka mwanangu kunyolewa kwa kinyozi wa pale mtaani, Mbagala. Alikuwa na miaka sita. Daktari alishatuambia ana usonji, lakini majirani walisema kapagawa, na mama mkwe kila siku alikuwa akimtafutia kombe, maji ya aya za Kurani, anywe.

Maneno yake wakati ule aliyaokota kwa makonda wa daladala. Akitaka kutoka nje alisema "Rangi Tatu, Rangi Tatu!", jina la kituo chetu. Akifurahi, "Suka, twende!", kama konda anavyomwambia dereva. Watu walicheka, wakaona ni kasuku tu.

Mashine ilipowashwa, akaziba masikio na kujikunja. Mlio ambao kwangu mimi ulikuwa wa nyuki, kwake ulikuwa maumivu. Wanaume wawili waliokuwa wakingoja zamu wakaja kusaidia, mmoja mikono, mmoja miguu. "Mama, shika kichwa, dakika mbili tu." Nikakishika. Mimi mwenyewe, mama yake.

"Shusha! Shusha!"

Saluni nzima ikaangua kicheko. "Huyu konda kabisa!" Aliendelea kupiga kelele, sauti inakauka, na mimi bado nimekishika kile kichwa, mpaka wazo likanijia: nimepanda naye daladala mara ngapi? Abiria anaposema shusha, anataka nini?

"Kaka, zima. Zima mashine!"

Tukatoka nusu ya kichwa imenyolewa, mgongo wake umelowa jasho.

Miaka baadaye nilisoma Ibara ya 17 ya Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu: mtu mwenye ulemavu ana haki mwili na akili yake viheshimiwe sawa na wengine. Tanzania iliuridhia mwaka 2009. Kwa hiyo haki hiyo alikuwa nayo siku ile, tukiwa watu wanne juu yake.

Jioni kinyozi alikuja nyumbani bila mashine, na mkasi na kitana tu. Sikumwita. Akaketi barazani, akampa mtoto kitana akishike. Akakata kidogo. "Shusha." Akaacha, akasubiri. Akakata tena. Idi ilitukuta upande mmoja bado mrefu, na mama mkwe akanuna.

Jioni ya nne mtoto alimwona tangu kwenye kona. Akaburuta kiti cha plastiki mwenyewe, akakaa, akagonga mkono wa kiti mara mbili.

"Suka, twende."