Pasaka ya Aliyefiwa

Wapendwa, Kristo amefufuka!

Salamu hiyo naiandika kwa imani, maana kuiimba kumenishinda wiki hii. Tulimzika mama yangu katikati ya Kwaresima. Usiku wa Mkesha wa Pasaka, padre alipoianzisha Aleluya baada ya majuma yote yale ya kuinyamazia, kanisa zima liliitikia, nami koo likaniziba na machozi yakanitoka. Aliyekaa karibu nami akaninong'oneza, "Usilie, leo ni Pasaka." Najua alitaka kunifariji. Lakini neno lile limenikaa moyoni, nikaenda nalo kwenye Injili ya Yohane, sura ya 20.

Huko nimemkuta Maria Magdalena, "akisimama karibu na kaburi, nje, akilia." Bwana amekwisha kufufuka! Jiwe limeondolewa, malaika wawili wameketi ndani wamevaa nyeupe, na mwanamke huyu analia asubuhi ya Pasaka yenyewe. Yesu hamwambii anyamaze. Anamuuliza, "Mama, unalilia nini? Unamtafuta nani?" kisha anamwacha aseme. Hata Maria anapomdhania kuwa mtunza bustani, Yesu hamkatizi. Ndipo anamwita kwa jina lake, na kumtuma kwa wanafunzi. Habari ya ufufuko waliipokea kwa mtu aliyetoka kulia.

Tazameni pia mshumaa wa Pasaka. Juu yake kuna Alfa na Omega na tarakimu za mwaka, na katika msalaba wake huchomekwa chembe tano za ubani, alama ya majeraha matano ya Bwana. Mwanga wa furaha yetu umebeba majeraha! Ndivyo alivyomjia Tomaso siku nane baadaye: yu hai, naye anamwonyesha mikono na ubavu. Mshumaa huohuo huwashwa mtoto anapobatizwa, na huwashwa tena kando ya jeneza. Kwa mama yangu uliwaka ule wa Pasaka iliyopita. Basi nani atasema Pasaka haina nafasi kwa wafiwa?

Hapa naomba niseme wazi, ndugu zangu. Tumezoea kumchapa mfiwa kwa maandiko. Tunamsomea Paulo kwa Wathesalonike, "msije mkahuzunika kama na wengine wasio na matumaini," tukiishia kwenye kuhuzunika, kana kwamba mtume aliweka nukta pale. Paulo hakukataza huzuni. Alikataza huzuni isiyo na matumaini. Na mara nyingi tunamharakisha mfiwa akaushe machozi kwa sababu sisi wenyewe hatujui tufanye nini mbele yake. Tuache. Bwana mwenyewe alimlilia Lazaro, hali akijua atamwita atoke kaburini.

Tena Kanisa halikutupa Pasaka ya siku moja. Limetupa siku 50, tangu Dominika ya Ufufuko hadi Pentekoste. Maaskofu waliokutana Nikea mwaka 325 waliagiza kwamba katika siku hizo watu wasali wamesimama, bila kupiga magoti. Agizo hilo limenipa nguvu kuliko hotuba nyingi za faraja. Kuimba sijaweza bado, lakini kusimama naweza. Maria alisimama akilia, na Bwana akamkuta palepale.

Kwa hiyo ninyi mlio na mfiwa katika jumuiya yenu, nendeni kwake kabla ya Pentekoste. Mwulizeni marehemu wake alikuwa mtu wa namna gani, mketi, mmsikilize mpaka amalize. Na wewe uliyefiwa, usibaki nyumbani Dominika hii kwa kuogopa kulia mbele za watu. Njoo, tusimame pamoja. Ninyi wengine imbeni Aleluya kwa nguvu, mtuimbie na sehemu yetu, hadi sauti zetu zirudi.