Nyekundu nne

Mtoto wa dada kanijia juzi na hereni za mama yake kiganjani, anazitikisa moja moja sikioni, eti "Mama mdogo, mbona hii inalia na hii hailii?" Nikamwambia kamuulize mama yako. Ila ile siku tuliyozitengeneza ikanirudia yote.

Dada mnamjua. Masikio yake hayataki kitu chenye madini ya nikeli, akivaa hereni za kawaida jioni tundu limevimba linatoa maji, ndo maana tukaamua tutengeneze wenyewe, ringi za waya wa fedha 925, yaani asilimia 92.5 ni fedha tupu, unene geji 20 ambayo ni kama milimita 0.8, na shanga za kioo saizi 8. Yeye alikuwa anataka saizi 11 akidhani namba ikiwa kubwa na ushanga ni mkubwa, kumbe kinyume, zile waya wetu ungegoma kupita. Basi tukazungushia waya kwenye chupa tupate duara, mimi nakunja vitanzi kwa plaizi, yeye anatunga nyekundu 3 nyeupe 1, nyekundu 3 nyeupe 1, huku simu kaibana begani anaongea. Ya kwanza ikatoka safi. Ya pili nikakata waya uliozidi, nikafunga kitanzi, kuiweka pembeni ya mwenzake naona nyekundu 4 zimekaa pamoja.

"Si ufungue kitanzi," akasema. Wapi! Kitanzi kile nilishakinyoosha na kukikunja upya maana mwanzo kilikaa upande, na waya ukiukunja kunja unakakamaa, ukizidisha unabaki na kipande mkononi.

Akaninyang'anya plaizi auvunje ule ushanga wa nne.

Nikamwambia funika na kitambaa, kioo kitaturukia machoni. Akafunika, akageuza uso ukutani kama mtu anayesubiri sindano, akabana. Kimya. Akabana tena taratibu, mishipa ya mkono imemtoka, na mimi macho yote kwenye ushanga wa jirani kwa sababu mdomo wa plaizi ulikuwa unaugusa kabisa, ukipasuka na huo tumekwisha, nikataka kumwambia sogeza kidogo kulia lakini nikaogopa kumshtua. Tak! Kasauti kadogo tu. Akafunua: unga mwekundu, vipande viwili vyenye ncha, na nyekundu 3 zimebaki nzima. Kwenye waya kulikuwa na kamchubuko, ukipitisha kucha inakwama. Halafu shanga zote zikaanza kuteleza zinagongana, maana pengo la ushanga mmoja lilikuwa limebaki na hakuna wa kuliziba.

Mimi nikasema tuanze upya. Yeye akasema nani ataona, akazivaa palepale.

Sasa ukimuuliza leo, aliyekuwa anahesabu ni mimi na simu haikuwepo. Anavyolisimulia kwa uhakika, kuna siku na mimi nakaribia kuamini. Ninachojua ni kwamba toka pale natunga ringi zote mbili kwa pamoja, ushanga huku ushanga kule, na waya sikati mpaka nizilinganishe. Inachosha lakini pea inakuwa pea. Dada bado anamaliza moja mpaka mwisho ndo aanze nyingine, bado anaongea, na cha kuudhi ni kwamba za kwake ndo watu wanaziomba.