Siku Niliyochonga Shavu kwenye Feleji

Mzee aliyenifundisha kuchonga sura kwenye bamba la kuchapia aliingia kazini angali kijana mdogo, na fundi aliyempokea alikuwa amejifunza kazi hiyo London katika miaka ya mwisho ya utawala wa Malkia Victoria. Kwa hiyo, kila nilipomtazama anavyoshika chombo chake, nilijua kwamba kati ya zama zile na kiganja kile alipita mtu mmoja tu. Mimi wakati huo, mwaka 1994, nilikuwa mfanyakazi wa kiwanda cha uchapaji Dar es Salaam niliyepelekwa Uingereza kwa mafunzo. Siku za Jumamosi nilikwenda kwenye karakana ya mzee huyo kwa hiari yangu, kwa sababu mafunzo rasmi yalihusu mitambo na vipimo vya rangi, ilhali mimi nilitaka kujua uso wa binadamu uliingizwaje katika chuma kabla ya mitambo hiyo kuwapo.

Jumamosi moja nilimpelekea stempu niliyoazima kwa ami yangu wa Unguja, ambaye amekusanya stempu tangu ujana wake na hakunipa ile ila baada ya kuniapisha. Ilikuwa ya toleo la Zanzibar la mwaka 1896, lenye sura ya Sultani Hamed bin Thuwaini na bendera zilizochapwa kwa rangi nyekundu. Hadi mwaka 1895 barua za Zanzibar zilikuwa zikibandikwa stempu za India, na mwishoni mwa mwaka huo stempu hizo hizo zikaanza kupigwa chapa ya jina la Zanzibar juu yake. Toleo la 1896, lililochapwa na kampuni ya De La Rue ya London, ndilo lililoleta uso wa Sultani mwenyewe. Naye Sultani alifariki tarehe 25 Agosti mwaka huo huo, akawaachia watu uso wake ukisafiri kwenye bahasha.

Mzee aliishika kwa koleo, akaisogeza karibu na dirisha lililofunikwa karatasi nyembamba ili mwanga usimulike moja kwa moja, kisha akanipa lenzi na swali: niutafute mstari unaochora pua. Nilitafuta kwa muda mrefu. Kilemba nilikiona, ndevu niliziona, na pua yenyewe niliiona vizuri kabisa nilipoiondoa lenzi, lakini nilipoirudisha hapakuwa na mstari wowote wa pua. Palikuwa na vistari vilivyopinda na vidoto, vikisongamana upande wenye kivuli na kutawanyika kuelekea kwenye mwanga, na pale mwanga ulipozidi palikuwa na karatasi tupu. Alifurahi niliposema kwamba haupo. Mwanafunzi anayesema ameuona, alisema, bado anatazama pua badala ya kutazama kazi.

Sisi tuliokulia karibu na milango ya Unguja tunadhani tunajua nakshi, lakini nakshi ya mlango hukaa kwenye mti uliobaki, yaani fundi huondoa mbao ili ua lisimame. Kwenye bamba mambo ni kinyume: kinachoonekana baadaye ni kile kilichoondolewa. Mchongaji hukata mfereji, wino huingia ndani yake, uso wa bamba hufutwa hadi ung'ae, kisha karatasi iliyoloweshwa kidogo hukandamizwa kwa nguvu nyingi kati ya bamba na mablanketi ya sufu, ikaingia mferejini na kuutoa wino huko. Kina cha mfereji ndicho weusi wake. Tena kila kitu hukatwa kinyume, kushoto kukiwa kulia, kwa hiyo mafundi wa zamani waliweka mbele yao kioo cha kujitazamia, na picha waliyoiiga waliitazama humo.

Kabla ya miaka ya 1820 mabamba mengi ya sura yalikuwa ya shaba nyekundu, ambayo ni laini na huchoka mapema. Wachongaji wa enzi ya Victoria walirithi feleji, yaani chuma cha pua, ngumu kuikata lakini yenye uwezo wa kutoa nakala kwa maelfu, na hapo ndipo nyuso za wanasiasa, maaskofu, wasafiri na wanasayansi zilipoanza kuingia katika kila kitabu na kila jarida. Kamera ilipokuja haikuwaondoa mara moja, maana kwa muda mrefu hapakuwa na njia rahisi ya kuichapa picha ya kamera pamoja na maandishi. Mtu alipigwa picha, kisha picha ile ikapelekwa kwa mchongaji. Mzee alikuwa na mfano mmoja aliouthamini sana, ukurasa wenye sura ya Charles Darwin uliotolewa na jarida la Nature mwezi Juni 1874. Picha ilipigwa na Oscar Rejlander, lakini bamba lilichongwa na Charles Henry Jeens, aliyelichongea jarida hilo sura za wanasayansi kadhaa, akianza na Michael Faraday mwaka 1873. Ukitazama kwa lenzi, ngozi ya paji la uso la Darwin imejaa vidoto, na ndevu zake ni mistari iliyoanza nyembamba ikanenepa na kwisha kwa ncha. Watu husema wachongaji wale walikuwa wanakili tu. Mimi sikubaliani nao hata kidogo, kwa kuwa kamera haikumpa Jeens doto wala mstari. Ilimpa kivuli kitupu, naye ndiye aliyeamua kivuli hicho kigeuke nini.

Baada ya hapo mzee alinipa bamba dogo la feleji iliyolainishwa kwa moto, na chombo kiitwacho burini: kijiti cha chuma chenye pembe nne, kilichonolewa kwa mshazari, chenye mpini wa mti wa duara uliokatwa chini ili kiweze kulala karibu na bamba. Mpini huingia kiganjani, na kidole cha shahada hulala juu ya chuma. Bamba huwekwa juu ya mto wa ngozi uliojazwa mchanga. Alinionya nisiuzungushe mkono, kwani mkono wa kulia kazi yake ni kusukuma tu, na mstari unapotakiwa kupinda, mkono wa kushoto ndio unaoligeuza bamba juu ya mto. Nilitaka kuchonga shavu. Alinitazama kidogo, akasema haya.

Chuma kiliinuka mbele ya ncha kama uzi uliojisokota, na kilitoa sauti ndogo ambayo mzee aliisikiliza kuliko alivyotazama. Ncha ilipoanza kufa aliijua kwa sauti, akanirudisha kwenye jiwe la kunolea lenye mafuta. Kila baada ya mistari michache ilinibidi nikwangue vibanzi vilivyobaki kandokando kwa kisu cha pembe tatu, kisha nipitishe kidole kuhakikisha pamelainika. Niliendelea hivyo tangu asubuhi hadi baada ya chakula cha mchana, na nilichopata kilikuwa kipande cha shavu kisichotosha kufunika kucha ya kidole gumba. Picha nzima ya uso kwa ajili ya kitabu, katika karakana za zamani, iliweza kumchukua fundi wiki au miezi.

Tukiwa tumekaa na chai aliniuliza kama najua kwa nini stempu ya kwanza ya dunia ilikuwa na uso wa mtu. Nikasema ni kwa heshima ya Malkia. Alikubali nusu. Mwaka 1839 serikali ya Uingereza ilipoomba mawazo ya namna ya kuendesha posta mpya, Benjamin Cheverton alitoa hoja kwamba jicho la binadamu limezoea nyuso kuliko kitu kingine chochote, kwa hiyo mghushi akikosea kidogo tu katika uso, hata mtu asiye na ujuzi atahisi kuna kasoro. Stempu ilianza kutumika rasmi tarehe 6 Mei 1840. Sura yake ilichongwa na Charles Heath na mwanawe Frederick, kwa kufuata nishani iliyotengenezwa na William Wyon, na ilichongwa mara moja tu, kwenye kipande kidogo cha feleji. Kipande hicho kikafanywa kigumu kwa moto, kikakandamizwa kwenye gurudumu la feleji laini, gurudumu nalo likafanywa gumu na kuviringishwa juu ya bamba kubwa mara 240, stempu moja baada ya nyingine. Uso wa Malkia yule kijana ukachapwa hivyo mwaka hadi mwaka, hata mifereji ya kipande cha asili ikahitaji kukatwa upya, kazi aliyopewa William Humphrys mwaka 1855. Malkia mwenyewe wakati huo alikuwa na watoto wanane, lakini kwenye bahasha alibaki msichana.

Nilimuuliza ni nani aliyemchonga Sultani wetu. Alinionyesha kingo za stempu: hapakuwa na jina. Kwenye picha za vitabu mchongaji aliandikwa chini kwa herufi ndogo, lakini kwenye stempu na noti za Kiingereza hakuandikwa, jambo ambalo mzee alilieleza bila kinyongo, ingawa yeye mwenyewe alikuwa mmoja wa hao wasioandikwa. Mimi liliniudhi. Hata Chuo cha Kifalme cha Sanaa cha London hakikumpa mchongaji uanachama kamili hadi mwaka 1855, alipochaguliwa Samuel Cousins, na kabla ya hapo wachongaji walikaa ngazi ya chini. Kufikia miaka ya 1890 njia za kuchapa picha ya kamera moja kwa moja zilikuwa zimeshaenea, na kazi ya sura vitabuni ikafa. Waliobaki waliendelea kwenye stempu na noti, kwa sababu ile ile ya Cheverton.

Jioni tulilipasha moto bamba langu, tukalipaka wino, mzee akalifuta kwanza kwa kitambaa chenye matundu kisha kwa kiganja chake kilichopakwa unga wa chokaa, akalipitisha kwenye mashine. Shavu lilitoka. Mistari yangu ilikuwa safi na ilipishana kwa nafasi sawasawa kabisa, na hapo ndipo alipotikisa kichwa, kwa kuwa shavu la mtu hai halina nafasi sawasawa. Alilikwangua mpaka mahali pale pakabonyea, akapima kwa bikari ili aipate sehemu ile ile kwa nyuma, akaligeuza juu ya fuawe na kuligonga kwa nyundo ndogo hadi uso ukarudi kuwa bapa. Kisha akanieleza desturi ya karakana za kale ambayo asubuhi aliinyamazia: bwana alichonga uso, wanafunzi wakachonga nguo. Akanipa picha ya mkono wa koti wenye vifungo vitatu, akasema Jumamosi ijayo nianzie hapo.