Mama alirudi kazini, seva ikamkana

Jumatatu moja, siku tatu kabla ya mishahara, mama mhasibu wetu alirudi kazini. Alikuwa likizo ya uzazi, zile wiki 14 ambazo sheria ya kazi ya Kongo inampa mama. Tulimpokea, tukamuuliza habari za mtoto. Kabla ya saa nne alikuwa mlangoni pangu: "Baba, mashini inasema sina ruhusa. Ruhusa ya kufungua kazi yangu miye mwenyewe?"

Nikamfuata hadi mezani kwake. Jina lake lilikuwa lile lile kwenye skrini, herufi kwa herufi. Folda ya Mishahara ilionekana, ila ukiibofya inakataa. Nikaingia kwenye seva, kompyuta kuu ya folda za ofisi ninayoitunza, nikafungua orodha ya ruhusa za folda ile, na pale nilipotarajia kuona jina lake nikakuta msururu: S-1-5-21, kistari, tarakimu, kistari tena, mpaka mwisho wa kisanduku. Hapo nikajua kosa ni langu.

Alipokwenda likizo nilifuta akaunti yake. Akaunti isiyo na mtu ni mlango usio na mlinzi, hilo bado naliamini. Alipokaribia kurudi nikamtengenezea nyingine kwa jina lile lile na kuona kazi imekwisha. Lakini Windows haimjui mtu kwa jina. Kila akaunti inapoundwa hupewa namba yake, na namba hiyo ndiyo inayoandikwa kwenye folda. Ukiifuta akaunti, namba haipewi mwingine tena, hata akija na jina lile lile. Kwa seva, aliyekaa pale mezani alikuwa somo wake tu, si yeye.

Kilichoniuma zaidi ni kwamba dawa ilikuwepo. Tangu Windows Server 2008 R2, Active Directory, yaani daftari la Windows la akaunti za watumiaji, ina kapu ambamo akaunti iliyofutwa hukaa siku 180 kwa kawaida, na ukiirudisha inarudi na namba yake. Wiki 14 ni siku 98. Ila kapu hilo haliwaki lenyewe, na sikuwa nimeliwasha.

Ningeweza kuandika akaunti mpya kwenye folda moja baada ya nyingine, hapa Lubumbashi na kwenye seva ya tawi la Likasi, kilomita kama 120 kutoka hapa. Nilikataa. Niliunda kikundi cha Wahasibu, folda zote nikazipa kikundi, kisha nikamwingiza mama kwenye kikundi. Mtu akiondoka, unamtoa kikundini. Akija mwingine, unamwingiza. Folda hazijui na hazina haja ya kujua.

Akajaribu, bado ikakataa. Nikamwomba atoke kabisa kwenye kompyuta kisha aingie upya, kwa sababu vikundi vya mtu husomwa pale anapoingia. Ukimwongeza akiwa ndani, yeye anabaki na vile vya asubuhi. Akaandika neno la siri, mkoba ungali begani. Folda ikafunguka. Akavuta kiti akakaa.

Ya Likasi ilifunguka lakini ikakataa kuhifadhi. Hiyo ni kawaida ya folda za mtandao: kuna ruhusa za kuifikia kupitia mtandao na kuna ruhusa za folda yenyewe, na iliyo finyu ndiyo inayoshinda. Ya mtandao ilikuwa ya kusoma tu. Dakika mbili, ikaisha.

Tangu siku ile naangalia seva kwa jicho jingine: sisi tunaona kitu, yenyewe inasoma kingine. Hata saa. Tuliwahi kuletewa seva kutoka Kinshasa, ambako ikiwa saa mbili asubuhi kwetu ni saa tatu. Kijana mmoja akaona imechelewa, akaisogeza mbele kwa saa nzima bila kugusa eneo la saa, yaani mpangilio unaoiambia seva iko ukanda gani wa saa. Asubuhi ile hakuna folda hata moja ya seva ile iliyofunguka. Kerberos, utaratibu unaothibitisha kwamba wewe ndiye wewe, kwa kawaida huvumilia tofauti ya dakika 5 tu. Ndani kabisa seva huhesabu kwa UTC, saa moja ya pamoja ya dunia nzima, na ukibadilisha eneo UTC haisogei. Yeye aliisogeza UTC yenyewe dakika 60. Watu walibadilishiwa maneno ya siri bure, wengine mara mbili, mpaka nilipotazama saa.

Wiki iliyopita mtunza stoo ameanza likizo. Akaunti yake nimeifunga, sikuifuta. Kapu limewashwa pia.